Ontolojia katika Wavuti ya Kisemantiki: Kwa Nini Mjomba Si Ami

Maana ya neno

Ontolojia ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-, na umbo lake halibadiliki katika wingi: ontolojia hii, ontolojia hizi. Neno hili lina maana mbili zinazokaribiana. Katika falsafa, ontolojia ni tawi linalochunguza kuwapo: ni vitu gani vilivyopo, na vipo kwa namna gani. Katika sayansi ya kompyuta, ontolojia ni maelezo bayana ya dhana za uwanja fulani na mahusiano baina yake, yaliyoandikwa kwa lugha rasmi inayoiwezesha mashine kuyasoma na kutoa hitimisho. Maana hii ya pili ilienea hasa baada ya makala ya Tom Gruber ya mwaka 1993, yaliyoieleza ontolojia kuwa ni ubainishaji wa wazi wa mfumo wa dhana.

Matumizi mashuhuri ya ontolojia yamo katika wavuti ya kisemantiki. Wazo hilo lilielezwa kwa wasomaji wa kawaida na Tim Berners-Lee, James Hendler na Ora Lassila katika jarida la Scientific American la Mei 2001. Ukurasa wa wavuti wa kawaida huandikwa ili usomwe na binadamu. Mashine huuonyesha bila kujua unasema nini. Katika wavuti ya kisemantiki, kila kitu hupewa anwani yake ya pekee, na kila habari huandikwa kama sentensi fupi yenye sehemu tatu: kiima, kiarifu na yambwa. Huo ndio muundo wa RDF, uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 1999. Lugha ya kuandikia ontolojia zenyewe, OWL, ilipitishwa mwaka 2004, na toleo lake la pili, OWL 2, mwaka 2009.

Kamusi na ontolojia

Kamusi huanza na neno, ontolojia huanza na dhana. Mtunzi wa kamusi akifika kwenye umbo "kaa" hukuta mnyama wa pwani mwenye magando, kipande cha mkaa, na kitenzi cha kuketi au kuishi mahali. Huvipanga vyote hapo, kila kimoja na fasili yake. Mtunzi wa ontolojia hawezi kufanya hivyo. Kwake mnyama ni kitu kimoja chenye anwani yake na kipande cha mkaa ni kingine chenye anwani nyingine. "Kaa" ni lebo tu iliyobandikwa kwenye vyote viwili.

Hali hugeuka panapokuwa na maneno mengi upande mmoja na moja upande wa pili. Mpunga ni mmea, na pia punje ambayo haijakobolewa. Mchele ni punje iliyokobolewa. Wali ni chakula kilichopikwa. Kiingereza huviita vyote "rice". Kamusi ya lugha mbili huandika neno hilo mara tatu, na msomaji haoni tatizo, kwa kuwa muktadha humwongoza: hakuna mtu atakayepanda wali. Mashine haina muktadha huo. Ikiambiwa kwamba mpunga ni sawa na "rice", na wali ni sawa na "rice", itaamini kwamba wali hupandwa.

Ndiyo sababu tesauri kubwa za kitaalamu, kama AGROVOC ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, huipa kila dhana anwani yake, kisha huibandika lebo za lugha mbalimbali. Lebo zinaweza kuongezwa au kusahihishwa. Anwani ya dhana hubaki ileile.

Kujenga

Kazi ya kujenga ontolojia huanza kwa maswali. Mtunzi huorodhesha kwanza yale ambayo ontolojia itatakiwa kuyajibu, kwa sababu hakuna ontolojia ya kila kitu. Ontolojia ya ukoo, kwa mfano, itaulizwa: Ni nani mjomba wa fulani? Ni nani wifi yake? Maswali hayo ndiyo yanayoamua ni dhana zipi ziingie na zipi ziachwe.

Hatua ya pili ni uainishaji, na hapa mwanafunzi wa semantiki yuko nyumbani, kwa kuwa uti wa mgongo wa ontolojia ni haiponimia. Kuku ni aina ya ndege, ndege ni aina ya mnyama. Kipimo chake ni sentensi ya "kila": kila kuku ni ndege. Sentensi ikikubalika bila sharti, uhusiano ni wa aina. "Kila kidole ni mkono" haikubaliki, kwa kuwa kidole ni sehemu ya mkono. Huo ni uhusiano mwingine, wenye kanuni zake. "Kila mchele ni mpunga" nayo haikubaliki, kwa kuwa mchele ni zao la kukobolewa kwa mpunga. Ontolojia nyingi zilizoharibika ziliharibikia hapa: mtunzi aliviweka chini ya mstari mmoja vitu vinavyohusiana kwa njia tofauti.

Kipimo cha "kila" hakitoshi peke yake. "Kila mwanafunzi ni mtu" ni kweli, lakini uanafunzi na utu havilingani kwa uzito. Mtu huacha kuwa mwanafunzi akaendelea kuwapo; haachi kuwa mtu akaendelea kuwapo. Nicola Guarino na Christopher Welty walilijengea jambo hili mbinu iitwayo OntoClean, ambayo moja ya kanuni zake ni kwamba kundi la kitu kinavyokuwa kwa muda halipaswi kuwekwa juu ya kundi la kitu kilivyo daima. Mwanafunzi anaweza kukaa chini ya mtu. Mtu hawezi kukaa chini ya mwanafunzi.

Hatua ya tatu ni kubainisha mahusiano. Maneno ya ukoo yanaonekana kama majina ya makundi ya watu, lakini hakuna mtu aliye mjomba tu. Kila mjomba ni mjomba wa mtu fulani. Kwa hiyo "mjomba" huandikwa kama uhusiano baina ya watu wawili. OWL 2 ilileta uwezo ambao toleo la kwanza halikuwa nao, yaani kuunganisha mahusiano kama pingili za mnyororo. Mtu akiwa na mama, na mama huyo akiwa na ndugu wa kiume, basi mtu yule ana mjomba. Vivyo hivyo, baba na ndugu yake wa kiume hutoa ami. Hakuna haja ya kuandika nani ni mjomba wa nani. Programu ya hitimisho hulipata jibu yenyewe.

Neno "wifi" linaonyesha vizuri jinsi Kiswahili kinavyoweza kuandikwa kwa mantiki. Mtu mwenye mume, na mume huyo akiwa na dada, ana wifi. Kanuni ya pili ni kwamba uhusiano huo ni wa pande mbili: fulani akiwa wifi ya mwenzake, mwenzake naye ni wifi yake. Kanuni hizo mbili fupi zinatosha kumpata dada wa mume na mke wa kaka kwa pamoja. Hata sharti la kwamba wote wawili wawe wanawake halihitaji kuandikwa, kwa kuwa limo tayari ndani ya maneno "mume" na "dada".

Kuunganisha

Ontolojia moja peke yake ina faida ndogo. Nguvu ya wavuti ya kisemantiki ni kuunganisha data za watu wengi ambao hawakupatana mapema. Hapo ndipo mtunzi hukutana na jambo ambalo kila mfasiri analijua: dhana za jamii mbili hazikatwi kwa kisu kimoja.

Chukua ontolojia ya ukoo iliyojengwa kwa Kiswahili, na nyingine iliyojengwa kwa Kiingereza yenye uhusiano mmoja wa "uncle". Programu ya kulinganisha hutazama kamusi na kuona neno hilo kwenye "mjomba" na pia kwenye "ami". Ikiandika alama ya usawa mara mbili, mambo huenda hivi:

1. Mjomba ni sawa na "uncle".
2. Ami ni sawa na "uncle".
3. Kwa hiyo mjomba ni sawa na ami.

Hakuna aliyeiandika sentensi ya tatu, lakini mashine italazimika kuikubali, kwa sababu usawa wa kimantiki huvuka kutoka kitu hadi kitu. Tangu hapo kila ami katika data ni mjomba, na kila mjomba ni ami. Hakuna onyo litakalotolewa, kwa kuwa hakuna kanuni iliyovunjwa. Kosa limeingia kimya.

Kosa hilo si la maneno tu. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, ambayo mahakama za kadhi za Kenya na Zanzibar huitumia kwa Waislamu, ami aliyechangia baba na baba wa marehemu ni miongoni mwa asaba, yaani warithi wa upande wa kiumeni wanaochukua kinachobaki baada ya wenye mafungu maalumu kupewa haki zao. Mjomba ni katika dhawil-arham, jamaa ambao hawawatangulii asaba. Mfumo wa kumbukumbu za ukoo uliopoteza tofauti ya mjomba na ami umepoteza tofauti ya nani arithi na nani asirithi.

Njia sahihi ni kutambua upana wa kila dhana. "Uncle" ni pana kuliko mjomba na pana kuliko ami. Ni pana hata kuliko zote mbili zikijumlishwa, kwa kuwa humwingiza pia mume wa shangazi na mume wa mama mdogo. Kwa hiyo kinachoandikwa ni kwamba kila mjomba ni "uncle" na kila ami ni "uncle", bila kudai kinyume chake. Data ya Kiswahili ikiingia upande wa Kiingereza, hitimisho hupatikana. Data ya Kiingereza ikija upande wa Kiswahili, mashine hunyamaza, nayo hufanya vyema kunyamaza. Mfasiri makini hufanya vivyo hivyo: huuliza kwanza, "Ni ndugu wa mama au wa baba?"

Kwa tesauri na orodha za istilahi, W3C ilipitisha mwaka 2009 mfumo uitwao SKOS, wenye ngazi kadhaa za ulinganifu. Kuna ulinganifu kamili, ulinganifu wa karibu, ulinganifu na dhana pana zaidi, na ulinganifu na dhana finyu zaidi. Ulinganifu kamili huvuka: kitu cha kwanza kikilingana kikamilifu na cha pili, na cha pili na cha tatu, basi cha kwanza na cha tatu nacho hulingana. Ulinganifu wa karibu hauvuki, na hilo limefanywa kwa makusudi, ili ukaribu mdogo mdogo usije ukafikisha mtu mbali. Visawe vingi vya kamusi za lugha mbili ni ulinganifu wa karibu, ingawa huandikwa kana kwamba ni kamili.

Kukagua

Ukaguzi wa ontolojia hujibu maswali matatu. La kwanza: je, inajipinga? Hili hujibiwa na programu za hitimisho kama HermiT na Pellet, ambazo zinaweza kutumiwa ndani ya Protégé, kihariri cha ontolojia kilichotoka Chuo Kikuu cha Stanford. Programu hizo hutafuta kundi lisiloweza kamwe kuwa na mwanachama, au kauli mbili zisizoweza kuwa kweli kwa pamoja.

La pili: je, inajibu maswali iliyojengewa? Maswali yale ya mwanzo huandikwa upya kwa lugha ya kuulizia data, SPARQL, kisha majibu yake hulinganishwa na yale ambayo mjuzi wa uwanja angeyatoa.

La tatu ndilo gumu: je, inasema kweli kuhusu ulimwengu? Hapa mtumiaji mpya hushangazwa na desturi mbili za OWL. Desturi ya kwanza ni kwamba kisichoandikwa hakihesabiwi kuwa si kweli. Mtoto ambaye mjomba wake hakutajwa si mtoto asiye na mjomba. Ni mtoto ambaye habari zake hazijakamilika. Desturi ya pili ni kwamba majina mawili yanaweza kuwa ya mtu mmoja. Ontolojia ikisema kwamba kila mtu ana mama mmoja tu, na data ikamtaja Asha kuwa mama wa Juma, kisha ikamtaja Mwanaisha kuwa mama wa Juma, OWL haitasema kuna kosa. Itahitimisha kwamba Asha na Mwanaisha ni mtu yuleyule.

Msemaji wa Kiswahili anaona mara moja hatari iliyopo. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na katika mazungumzo huitwa "mama" tu. Mwandishi wa data akiandika kama asemavyo, mashine itamyeyusha mama na dadaye kuwa mwanamke mmoja, pamoja na umri wao, waume wao na watoto wao. Dawa yake ni kutenganisha "mama mzazi" na "mama" kwa jumla, na kutamka wazi kwamba Asha na Mwanaisha ni watu wawili. Hapo ndipo programu itakapopata mgongano na kuutangaza.

Kwa ukaguzi wa aina ya fomu, ambapo mtu hutaka kujua kama data zimekamilika na kama zimekaa panapostahili, W3C ilipitisha SHACL mwaka 2017. Kwa SHACL mtunzi anaweza kuweka sharti kwamba mtu mmoja asiwe mjomba na pia ami wa mtoto yuleyule. Sharti hilo lingegundua mara moja ule usawa wa uongo uliotokana na "uncle", na linaonekana kuwa la busara.

Hata hivyo, sharti lenyewe linaweza kukosea. Mwanamume mwenye mtoto wa kiume anaoa mwanamke mwenye binti kutoka ndoa ya awali, nao wanazaa mtoto wao, Salim. Yule kijana na yule binti hawana damu moja. Wakikua wakaoana, ndoa yao haina kizuizi cha nasaba. Mtoto wao atakuwa na Salim kama ndugu wa baba yake, kwa kuchangia baba, na pia kama ndugu wa mama yake, kwa kuchangia mama. Salim ni ami na ni mjomba, kwa maana finyu kabisa ya maneno yote mawili. Mkaguzi atakayefuta kauli moja ili sharti litimie anaweza kumfutia Salim uami, yaani kiungo kilekile kinachomweka miongoni mwa asaba.

Kwa hiyo ripoti ya ukaguzi husomwa kama swali. Panapotokea mgongano, moja kati ya matatu ni kosa: data, kanuni, au ufahamu wa mtunzi kuhusu maneno aliyoyatumia. Mashine huonyesha mahali pa mgongano. Haijui ni kipi kati ya vitatu hivyo cha kurekebisha.

Maelezo ya matumizi

*Ontolojia, taksonomia, tesauri.* Taksonomia hupanga vitu kwa aina tu. Tesauri huongeza visawe na dhana zinazohusiana. Ontolojia huongeza kanuni zinazoruhusu hitimisho. Orodha ya istilahi isiyo na kanuni hizo isiitwe ontolojia.

*Kisawe na usawa.* Kisawe ni uhusiano wa maneno, nao huvumilia tofauti za mtindo na muktadha. Usawa ni uhusiano wa dhana, na hauvumilii tofauti yoyote. Mfano: "Anko" ni kisawe cha "mjomba" katika mazungumzo ya mjini, lakini dhana hizo hazina usawa, kwa kuwa ami naye huitwa anko.

*Lebo.* Ni neno linalobandikwa kwenye dhana kwa ajili ya wasomaji wa lugha fulani. Mfano: "Dhana hii ina lebo mbili za Kiswahili, moja ya bara na moja ya pwani."

*Kiontolojia.* Ni kivumishi cha jambo linalohusu ontolojia. Mfano: "Kosa hili si la kisarufi bali ni la kiontolojia: mwandishi ameihesabu sehemu kuwa aina."

Mwalimu anayetaka kulifundisha somo hili bila kompyuta anaweza kuwapa wanafunzi maneno kumi ya ukoo, pamoja na "ndugu", "shemeji", "mpwa" na "binamu", na kuwataka waandike kanuni ya kila moja kwa mnyororo wa baba, mama, mume, mke na mtoto. Darasa litagawanyika mapema kwenye "ndugu", kisha kwenye "binamu", neno lenye asili ya Kiarabu ya mtoto wa ami, ambalo leo hutumiwa pia kwa watoto wa shangazi na wa mjomba. Mabishano hayo yaandikwe ubaoni pamoja na kanuni, kwa kuwa kila mahali darasa lilipogawanyika ndipo ontolojia itakapohitaji dhana mbili badala ya moja.